Tarehe Iliyo Mdomoni mwa Konda

Rashidi Mfaume Kawawa amezikwa Madale. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na mwaka mpya ulipoingia tu, msafara wa viongozi ukaja huku kwetu, pembeni kabisa mwa Kinondoni, kumsitiri. Mpwa wangu, aliyezaliwa baada ya mazishi yale, aliniuliza siku moja tukitoka dukani: "Mjomba, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu mbona hakuzikwa mjini?"

Nikamwambia mji ndio huu, unakuja taratibu. Hakuridhika. Nikamuuliza yeye mjini anakujua wapi, akataja Kariakoo, tulikomnunulia viatu vya shule, na Mlimani City, ambayo si mjini. Mtoto kazaliwa Dar es Salaam, yuko kidato cha pili, na hajawahi kuweka mkono kwenye ukuta wa Boma la Kale. Nikaona haya, maana nimefundisha historia miaka mingi, na wanafunzi wangu walitoka darasani wakiujua mkutano wa Berlin wa 1884 kuliko wanavyoijua barabara ya Sokoine.

Tukapatana Jumamosi. Ziara hii haina mwongozaji wala tiketi. Inataka viatu vilivyozoea mguu, kofia, chupa ya maji, na kuamka mapema kabla jua halijawa kali. Simu ya kupigia picha iache mfukoni unapokaribia Ikulu na bandari. Nilimpa daftari dogo, nikamwambia aandike kila jina atakalolisikia konda akiliita, kwenda na kurudi. Alidhani ni adhabu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa kwenye bajaji, na saa moja na robo tukashuka kwenye daladala Posta ya Zamani. Jina likaingia kwenye daftari. Tukatembea kando ya maji hadi Feri.

Anza Feri, kwa sababu mji ulianza na samaki. Mnada ulikuwa umepamba moto, kolekole na jodari wamelazwa sakafuni, mnadishaji anataja bei kwa kasi ya mtu anayesoma dua aliyoihifadhi. Mpwa wangu akamwamkia mzee mmoja aliyekuwa anakunja nyavu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, umekuja kununua au kutazama?" "Kutazama." "Basi tazama vizuri, kutazama hakulipiwi."

Mbele kidogo, upande wa bahari ya wazi, karibu na ilipo leo Hospitali ya Ocean Road, ndiko kilikokuwa kijiji cha Mzizima. Jina lenyewe watu hulifasiri kuwa mahali pazima, penye afya. Simulizi za pwani hii zinawataja Mashomvi, wenye kujinasibisha na Barawa, na Wazaramo wa bara. Husimuliwa kwamba Wakamba walipowavamia Mashomvi, Pazi Kilama wa Wazaramo aliwasaidia kuwafukuza, na tangu hapo watu wa pwani wakawa wanatoa ada ya nguo na chumvi kila mwaka. Yaani kabla ya sultani na kabla ya gavana, palikuwa na mji wenye wenyewe, wenye deni na mapatano yake.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alikuja katika miaka ya 1860. Alitaka bandari yenye kina, iliyofichika, na hii ghuba yetu ukiitazama kutoka Kivukoni unaona mwenyewe alichokiona: mlango mwembamba, halafu maji yametulia kama ya kwenye sinia. Akaanza kujenga, akauita mji Dar es Salaam, makao ya amani. Mnamo Septemba 1867 aliwakaribisha hapa mabalozi wadogo wa Uingereza, Ufaransa, Marekani na wa Wajerumani kwa karamu. Miaka mitatu baadaye akafa. Ndugu yake Barghash hakuushughulikia mji huu, ujenzi ukasimama, na wavuvi wakaendelea na kazi yao.

Tukarudi na barabara ya Kivukoni, tukipita majengo ya serikali yenye vibaraza virefu waliyoyajenga Wajerumani. Kampuni yao ilifika hapa 1887, na 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo. Hapa sikusema mengi, majengo yale ni ya maofisi na yanafanana. Nilimsimamisha kwenye Kanisa la Azania Front. Wengi hutazama mnara wake na vigae vyekundu wakapita. Mimi nilimwonyesha vijipaa vidogo vya vigae juu ya kila dirisha, vya kukinga jua. Ujenzi ulianza 1898, kanisa likafunguliwa 1902. Mchoro ni wa Ulaya ya baridi, na vile vijipaa ndivyo fundi alivyoikubali Dar es Salaam.

Kutoka hapo tukapanda kidogo hadi makutano ya Azikiwe na Samora. Pale katikati ya mzunguko anasimama askari wa shaba, bunduki mikononi, singe imeelekezwa bandarini. Aliwekwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Kabla yake palisimama mtu mwingine. Wajerumani walimweka hapa Hermann von Wissmann, gavana wao aliyepiga vita vya kuuvunja upinzani wa Abushiri. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu, na chini ya miguu yake palikuwa na askari Mwafrika akimwangalia kwa kuinua uso. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walimng'oa. Akaishia Hamburg, nje ya chuo kikuu, na wanafunzi wa huko wakamwangusha kwa kamba, mara ya mwisho 1968.

"Kwa hiyo yule wa chini ndiye aliyepanda juu?" mpwa wangu akauliza. Nilitembea na swali lile mchana kutwa, kwani katika miaka yote ya kupita pale halikunijia.

Wazee wa mjini waliiita sanamu hii Bismini, na katika neno hilo mimi nasikia jina la Wissmann lililolainishwa na ulimi wa Kizaramo. Shaba ya Wissmann iliondolewa zaidi ya miaka 100 iliyopita, jina likakataa kuondoka. Mpwa wangu akaandika: Bismini.

Tukashuka tena barabara ya Sokoine. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, lilikuwa na harusi, tukasimama mlangoni tu. Nikataka afike jirani, kwenye nyumba ya Atiman. Ni nyumba ya mawe ya enzi za Majid, baadaye ikawa ya mapadri wa White Fathers, na jina lake ni la mtu ninayetamani kila mtoto wa nchi hii amjue. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa, akasomea uganga kule Malta, akaja Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakuondoka. Alitibu watu pale hadi alipofariki 1956, zaidi ya miaka 60 ya kazi mahali pamoja. Nyumba aliyoijenga sultani, katika pwani ya biashara ya watumwa, leo inaitwa kwa jina la mtoto aliyeuzwa.

Na hatua chache mbele, kwenye kona ya barabara ya Morogoro, Boma la Kale. Majid alilijenga 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Nilimwambia mpwa wangu aweke kiganja ukutani. Chokaa ilimwachia unga mweupe, na mahali ilipobanduka akaona mawe ya matumbawe yenye vitundu vitundu, na ndani yake kichaka cha matumbawe kimehifadhika kama kilivyokuwa baharini. Mlango wake ni wa mbao nzito iliyochongwa, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Ndani kumekuwa na kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, chenye ramani na picha za mji ulivyokuwa. Nasema kwa uchungu: nyumba za namna hii zimebaki za kuhesabika. Jumba la Salamander pale Samora lilivunjwa, na kila linapoanguka moja, mwalimu wa historia anabaki na picha peke yake. Mabati ya mkandarasi yakishazungushwa, usiku mmoja unatosha. Ukuta huu ulioacha unga kwenye kiganja cha mtoto una haki ya kuwepo kuliko ghorofa lolote la vioo.

Stesheni ya zamani tuliipita kwa haraka. Reli ya kati ilianza kujengwa hapa 1905 ikafika Kigoma 1914. Jirani yake sasa kuna stesheni ya reli ya umeme iliyoanza safari 2024, na mtoto alitaka kuitazama hiyo zaidi. Mnara wa Saa ni wa 1961, ukumbusho wa Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji.

Halafu tukavuka. Waingereza waliugawa mji huu kwa madaraja ya nyumba: daraja la kwanza kwa Wazungu, la pili kwa biashara na kwa Wahindi, la tatu kwa Waafrika. Watu wakayapa majina yao, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja uliachwa wazi, uwe kama ua kati ya Uhindini na Kariakoo. Ukitembea kwa miguu kutoka Mnara wa Saa unauona mpango huo hadi leo: roshani za Uhindini zinakwisha ghafla, miti ya Mnazi Mmoja inakupokea, kisha ng'ambo ya pili mitaa imenyooka ikakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kwa gari hutaugundua. Mguu unaugundua, kwa sababu kivuli kinakatika.

Tulinunua madafu. Kwenye ukingo wa pili wa uwanja ule ndipo mtaa wa Lumumba ulipo, zamani ukiitwa New Street, na ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu ukaja kuwa uwanja wa mikutano yao.

Kariakoo nimeiweka mwisho kwa makusudi. Jina hili limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita vya Kwanza. Wapagazi walibeba risasi, unga na majeruhi kuvuka Tanganyika nzima, na maradhi na njaa viliwamaliza kwa maelfu kuliko risasi. Pale Samora aliyesimama juu ni askari peke yake. Alichopata mpagazi ni jina kwenye vinywa vya watu. Wauza mitumba, wachuuzi kutoka Lubumbashi na Lusaka, mama anayefuata doti ya kanga, wote humtaja kila siku.

Soko lenyewe lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Nguzo zake zimepanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, zikipokea maji ya mvua na kuyashusha chini kwenye tangi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Katika soko la zamani la hapa ndipo Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, alipokuwa mkuu wa soko, na wanasiasa wakawa wanapitia ofisini kwake kama wanaokuja kuulizia bei ya nazi. Tulisimama Msimbazi huku mikokoteni ikitupigia kelele tupishe njia. Mpwa wangu alikuwa amechoka, viatu amevikanyaga visigino. Akaniuliza wapagazi walikuwa wakilipwa kiasi gani. Nikamwambia kidogo sana, na wengi hawakurudi kupokea hata hicho.

Saa kumi jioni tukapanda gari la Tegeta. Lilikuwa limejaa, akapata nafasi juu ya boneti ya injini, daftari mapajani. Magomeni tukaingia barabara ya Kawawa. Nilimgusa bega: "Umeijua njia hii ni ya nani?" Akacheka. "Jirani yetu."

Konda akaita Mkwajuni. Mbele kidogo akagonga bodi: "Biafra! Biafra wapo?"

"Shusha!" akajibu mama mmoja, akajikokota na kapu lake.

"Mjomba, Biafra ni nani?"

Nikamwelezea, nikipaza sauti juu ya muungurumo wa injini, kwamba Biafra ilikuwa nchi. Ilijitenga na Nigeria 1967, watu wake wakafa kwa njaa, na Tanzania ndiyo iliyoanza kuitambua duniani, tarehe 13 Aprili 1968. Januari 1970 ikaisha. Haina bendera, haina kiti popote.

"Ila ina kituo," akasema, akaandika.

Abiria wa pembeni yangu, kijana mwenye fulana ya Simba, akageuka. "Mzee, kumbe ndiyo hiyo? Mimi nashuka hapo miaka yote." Akaanza kuniuliza na Makumbusho, na Mwenge, na Lugalo, na nilipokwama kwenye jina moja, mama wa kiti cha nyuma akadakia: "Hilo mimi nalijua, marehemu baba alinieleza." Mpwa wangu akageuza ukurasa.