Metali nzito katika udongo wa mashamba ya kuku

SAMADI ya kuku huthaminiwa na wakulima kwa wingi wa naitrojeni na fosforasi. Hata hivyo, yaweza pia kubeba metali ambazo, zikishaingia udongoni, haziozi wala kutoweka.

Chanzo kikuu ni chakula cha kuku. Shaba na zinki huongezwa ndani yake ili kuku wakue vyema, lakini mwili huhifadhi kiasi kidogo tu. Kinachosalia hutoka na kinyesi. Kadimi huingia pamoja na madini ya fosfeti. Madini ya risasi nayo hutokana na rangi kuukuu za mabanda. Kuku hudonoa mabaki yake, na sumu hiyo ikafika hadi kwenye mayai.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani, ambako dawa ya roksasoni, yenye arseniki, iliidhinishwa mwaka wa 1944. Ilitumiwa kuzuia koksidiosi na kuharakisha ukuaji. Sehemu kubwa ya dawa hiyo ilitoka na kinyesi, kisha vijidudu vikaigeuza kuwa arseniki ya aina iliyo hatari zaidi, inayosababisha saratani. Katika rasi ya Delmarva, eneo maarufu kwa kuku wa nyama, samadi hiyo ilimwagwa mashambani kwa miaka mingi.

Mwaka wa 2011, mauzo ya roksasoni yalisitishwa baada ya arseniki hiyo kupatikana katika maini ya kuku waliolishwa dawa hiyo. Jimbo la Maryland lilipiga marufuku arseniki katika chakula cha kuku mwaka wa 2012, na idhini ya dawa ya mwisho ya aina hiyo, nitasoni, ikafutwa mwaka wa 2015. Lakini marufuku huzuia sumu mpya tu. Haiondoi iliyokwisha kurundikana.

Kwa sababu hiyo, kinga ndiyo bora. Mkulima hushauriwa kupima udongo kabla ya kuongeza samadi, na kutoimwaga katika kipande kimoja kila msimu. Chokaa hupunguza kiasi cha kadimi, shaba na zinki kinachofyonzwa na mimea katika udongo wenye asidi, ila haifai dhidi ya arseniki. Kondoo wasilishwe kinyesi cha kuku, kwani shaba huwaua upesi kuliko mifugo wengine.