MCUboot: Programu huria inayolinda vifaa vidogo

MWAKA 2024 wateja wa LUKU nchini walitakiwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mfumo wa kimataifa wa mita za malipo ya kabla ulikuwa ukihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024.

Hata mteja wa Mwamapalala, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, hakulazimika kumngoja fundi kutoka Bariadi. Tarakimu zilitosha, kwa kuwa zilibadili funguo na hesabu ya muda tu. Kasoro ingekuwa katika programu ya kifaa, ingebidi programu nzima ibadilishwe.

Kazi ya namna hiyo ndiyo inayosimamiwa na MCUboot, programu ya kuwashia mikrokontrola, yaani kompyuta ya chipu moja iliyomo katika vifaa kama mita na pampu. Ilitokana na mradi wa Apache Mynewt, na hutumiwa pia na mfumo endeshi wa Zephyr. Kwa leseni ya Apache 2.0, kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuitia katika bidhaa yake bila ada.

Kwa kawaida kumbukumbu ya chipu huwa na sehemu mbili kuu. Programu inayofanya kazi hukaa katika ya kwanza. Mpya huhifadhiwa katika ya pili. Kifaa kinapowashwa, MCUboot huhakiki sahihi ya kidijitali ya programu mpya kwa ufunguo wa wazi. Ufunguo wa siri hubaki kwa mtengenezaji. Programu iliyochezewa, hata kwa herufi moja, hukataliwa.

Lenye manufaa zaidi vijijini ni jingine. Programu mpya yaweza kuwashwa kwa majaribio. Isipothibitishwa kuwa inafanya kazi, kifaa kikiwashwa tena ile ya zamani hurejeshwa. Umeme ukikatika wakati programu zinabadilishana nafasi, kazi huendelea ilipoishia. Kwa mikoa yetu, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, ufunguo wa siri ukivuja, mwizi aweza kuitilia sahihi programu yake nayo ikapokewa. MCUboot hutolewa pamoja na funguo za mfano kwa ajili ya majaribio, na kwa kuwa ni huria, funguo hizo zinajulikana dunia nzima. Mtengenezaji asiyezibadilisha kabla ya kuuza huwa amefunga mlango kwa kufuli ambayo kila mtu ana ufunguo wake.