VVU Bukoba na Muleba: nani anagundulika sasa?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa kwetu Kagera, mwaka 1983. Walikuwa watatu. Wazee wanakumbuka ugonjwa huo ulivyoitwa "Juliana", jina la kitambaa kilichokuwa kinavuka mpaka kutoka Uganda. Watu wengi waliamini ni ugonjwa wa mjini, wa wafanyabiashara na wasafiri.

Upimaji wa mwaka 1987 ulionesha kweli mji ulikuwa umeumia zaidi. Kati ya watu wazima 100 wa Bukoba Mjini, 24 walikuwa na VVU. Muleba walikuwa 10. Baadaye hali ilishuka: Bukoba Mjini ilifika 13 mwaka 1996, na Muleba ikafika 4 mwaka 1999. Lakini virusi havikuondoka. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 uliikuta Kagera bado juu ya wastani wa taifa. Sababu mojawapo ni njema: dawa za ARV, zilizoanza kutolewa bure mwaka 2004, zinawaweka watu hai.

Kwa hiyo anayegundulika hospitalini leo si lazima awe mgonjwa aliyekonda. Anaweza kuwa mama mjamzito aliyepimwa kliniki, mvuvi wa visiwa vya Muleba anayehama mwalo hadi mwalo, au mume wa kijijini aliyekuja kutibiwa malaria. Njia kuu ya maambukizi ni ileile, ngono isiyo salama, na ndoa peke yake haimkingi mtu. Mmoja akiwa na virusi bila kujua, mwenzake yuko hatarini.

Wanaume wanachelewa kupima kuliko wanawake, ambao hukutana na kipimo wanapobeba mimba. Mume asitegemee majibu ya mkewe: mmoja anaweza kuwa na VVU na mwingine asiwe navyo.

Kati ya 2014 na 2017, Manispaa ya Bukoba ilipima watu hospitalini, majumbani na kwenye maeneo ya mikusanyiko. Waliokutwa na VVU walisindikizwa hadi kliniki ya tiba na wenzao wanaoishi na virusi. Hilo lilisaidia, kwa sababu siku ya majibu ndiyo siku ambayo mtu hupotea kirahisi.

Msikilizaji, ukikutwa na VVU, anza dawa mapema, hata kama unajisikia mzima. Ukizimeza kila siku mpaka kipimo cha wingi wa virusi kioneshe havionekani, na ukaendelea hivyo, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Mjamzito anayetumia dawa vizuri humkinga mtoto. Na ukihofia umeambukizwa, mathalani kondomu imepasuka au umebakwa, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 upewe dawa za kinga.

Tukipima tukiwa wazima, wodi haitakuwa mahali pa kwanza kutupa habari hizi.