Mshahara wa Askari na Mkono wa Kamanda

Hadi mwaka 2005 mshahara wa jeshi la Kongo ulitoka Kinshasa kwa fedha taslimu, ukapita mikononi mwa wakuu, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kumfikia askari wa Uvira au Fizi. Kamanda aliyeshika fedha ndiye aliyeshika pia orodha. Wafu na watoro waliendelea kulipwa humo. Mwaka huo ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulianza kusaidia kutenganisha malipo na amri: askari wakahesabiwa, alama za vidole zikahifadhiwa katika kompyuta, kadi zikatolewa. Faida kubwa, basi, haikuwa wepesi wa kazi. Jeshi lilianza kujua lina watu wangapi. Kuanzia 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, na ya askari ikafuata. Benki, hata hivyo, zilikuwa mijini. Askari wa milima ya Itombwe alipaswa kushuka.