Mtaa wa Kilatini: Historia ya Lugha ya Kufundishia katika Mtaa Mmoja wa Paris

Kusini mwa mto Seine, katika jiji la Paris, upo mtaa unaopanda taratibu hadi kilele cha kilima cha Sainte-Geneviève. Mitaa mingi huitwa kwa majina ya watu, ya miti au ya kazi za wakazi wake. Huu waitwa kwa jina la lugha: Quartier Latin, yaani Mtaa wa Kilatini. Ingawa magofu ya hamamu za Warumi yangaliko hapo, jina hilo halikutokana nao. Limetokana na walimu na wanafunzi wa enzi za kati, ambao walisoma, walihojiana na kutahiniwa kwa Kilatini, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeinyonya kwa mama yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lugha hiyo ilivyoutawala mtaa huo, jinsi Kifaransa kilivyopigania nafasi yake, na funzo tuwezalo kulipata sisi tunaofundisha Kiswahili.

Nilipokuwa masomoni Ulaya nilipata nafasi ya kuutembea mtaa huu kwa miguu. Karibu na mto kuna njia fupi iitwayo Rue du Fouarre. Neno hilo la mwisho ni la Kifaransa cha kale, na maana yake ni majani makavu. Hapo ndipo wanafunzi wa taaluma za awali walipoketi chini, juu ya majani yaliyotandazwa sakafuni, wakimsikiliza mwalimu. Mfalme Philippe Auguste aliwapa wanazuoni wa Paris haki zao maalumu mwaka 1200. Kanuni za chuo zikatolewa mwaka 1215. Naye Robert de Sorbon akaanzisha mwaka 1257 nyumba ya wanafunzi maskini wa theolojia, ambayo jina lake, Sorbonne, likaja kuwa jina la chuo kizima katika vinywa vya watu.

Mgala muue na haki umpe. Kilatini kilikuwa na faida yake. Wanafunzi waligawanywa katika “mataifa” manne: Wafaransa, Wapikardi, Wanormandi na Waingereza. Thomas Aquinas aliyetoka Italia na Albertus Magnus aliyetoka Ujerumani waliweza kufundisha hapo bila mkalimani. Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama. Muuza mkate aliyeishi ukuta kwa ukuta na darasa hakuambulia neno. Hata mtambo wa kwanza wa kupigia chapa katika Ufaransa, uliowekwa ndani ya Sorbonne mwaka 1470, ulianza kazi kwa kitabu cha Kilatini.

Mabadiliko yalianza katika karne ya 16, nayo hayakuanzia katika chuo chenyewe. Mwaka 1530 Mfalme François wa Kwanza, kwa kuhimizwa na mwanazuoni Guillaume Budé, aliteua wahadhiri wake wa kufundisha Kiyunani na Kiebrania, nje ya mamlaka ya chuo kikuu. Hicho ndicho chanzo cha Collège de France ya leo. Mwaka 1539, kwa amri ya Villers-Cotterêts, aliagiza kwamba hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa. Miaka 10 baadaye Joachim du Bellay, aliyesoma katika Collège de Coqueret kilimani hapo hapo, alitoa kitabu cha kuitetea na kuitukuza lugha ya Kifaransa. Hoja yake ni ile ile tunayoisikia leo: lugha haizaliwi maskini wala tajiri, bali hutajirishwa na wanaoitumia. Yafaa ikumbukwe pia kwamba sehemu kubwa ya hoja hizo aliziazima kwa Mwitaliano, Sperone Speroni, aliyekuwa ameitetea lugha yake mwenyewe. Naye Petrus Ramus, mhadhiri wa mfalme, alitoa mwaka 1555 kitabu cha mantiki kwa Kifaransa.

Pamoja na hayo, mlango wa chuo haukufunguka upesi. Sheria iliingiza Kifaransa mahakamani; darasani haikukiingiza. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake walikwisha kuunda istilahi za kemia kwa Kifaransa. Hata hivyo, mwaka 1892, zaidi ya miaka 350 baada ya amri ya Villers-Cotterêts, Émile Durkheim alilazimika kuandika moja ya tasnifu zake mbili kwa Kilatini ili apate udaktari. Hapa ndipo penye funzo. Kilichokizuia Kifaransa hakikuwa upungufu wa msamiati. Kilikuwa heshima iliyofungamanishwa na lugha ya kigeni, na mazoea ya wale waliokwisha kuipata heshima hiyo.

Njia ipitayo mbele ya Sorbonne na Collège de France yaitwa Rue des Écoles, Njia ya Shule. Ukiifuata kwa dakika chache wafika kwenye duka la vitabu la Présence Africaine, jarida lililoasisiwa na Alioune Diop mwaka 1947. Mwezi wa Septemba 1956 jarida hilo liliitisha ndani ya Sorbonne mkutano wa kwanza wa waandishi na wasanii weusi. Walijadili utamaduni wa Mwafrika, na aghalabu walijadili kwa Kifaransa. Lugha iliyokuwa imeupigania mlango wa chuo ilikuwa sasa Kilatini cha wengine. Cheikh Anta Diop alikwisha kuliona jambo hilo: katika kitabu chake cha mwaka 1954 alitafsiri dhana za hisabati na fizikia kwa Kiwolofu, ili kuonyesha kwamba yawezekana.

Sisi nasi tuna amri yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Historia ya mtaa huu yatuonya kwamba sheria peke yake haifundishi darasa, na kwamba kungoja istilahi zitimie ni kungoja bure, kwani istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Yatuonya kadhalika juu ya jambo la pili. Mwaka 1794 Abbé Grégoire alilihutubia bunge la mapinduzi akitaka lahaja na lugha nyingine za Ufaransa zifutwe. Mwenye kudai haki ya lugha yake asiwe mwepesi kuzinyima nyingine haki hiyo. Tukikifundishia Kiswahili sayansi na falsafa, tukifundishie kando ya Kikamba, Kijaluo na Kigiriama, si juu ya makaburi yao.