Goti Jipya na Kazi ya Kutembea Tena

Mnakumbuka mwaka 2022. Wakristo wa Kinshasa na Goma walikuwa wakijitayarisha kumpokea Baba Mtakatifu Fransisko mwezi wa saba. Safari ikaahirishwa. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya goti lake. Alifika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, akitumia kiti cha magurudumu. Yeye hakutaka kupasuliwa. Lakini watu wengi duniani hupasuliwa na kuwekewa goti la kutengenezwa. Leo tutasimulia habari ya goti hilo, na namna watu walivyojifunza kwamba kuliweka ni nusu tu ya kazi.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Themistocles Gluck, mganga wa Berlin. Mwaka 1890 alimpasua msichana wa miaka 17, ambaye kifua kikuu kilikuwa kimeingia gotini na kuliharibu. Akamwekea goti la pembe ya ndovu lenye bawaba, kama mlango. Kazi ilikuwa ya ustadi, lakini ugonjwa ulibaki mfupani, na viungo vya namna ile havikudumu.

Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden alianza kuweka goti jingine la bawaba. Lakini goti la mtu si mlango. Likikunjwa, mifupa yake hubingirika na kuteleza, tena huzunguka kidogo. Bawaba haiwezi hayo. Basi magoti mengi ya namna hiyo yalilegea. Mwaka 1968 Frank Gunston, mganga kutoka Kanada aliyekuwa Wrightington, Uingereza, kwa John Charnley, aliiacha bawaba. Juu aliweka chuma, chini plastiki ngumu, akavishika kwa simenti ya waganga. Mwaka 1974 John Insall na wenzake wa New York walitoa goti lililofunika ncha za mifupa yote miwili pamoja na pia ya goti. Magoti mengi ya leo ni wajukuu wa lile.

Basi, chuma kilikuwa tayari. Na mgonjwa je? Siku zile aliyepasuliwa alilazwa siku nyingi, watu wakidhani kitanda ni dawa. Kumbe kitanda nacho kina hasara zake: damu huganda katika mishipa ya mguu, misuli hunywea, kovu hukaza goti lisikunjike. Tangu miaka ya 1990 Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, aliwafundisha wenzake kwamba mgonjwa akitulizwa maumivu vizuri na kusimamishwa mapema, hupona upesi zaidi. Leo katika hospitali nyingi mgonjwa husimama siku ile ile, au kesho yake.

Toka hapo kazi ni yake. Kila siku anyoshe goti, tena alikunje, ingawa linauma. Pole pole ndio mwendo. Wengi huacha magongo baada ya wiki chache, na kazi nyepesi huanza tena baada ya wiki 6 hivi. Lakini uvimbe waweza kukaa miezi mingi. Kutembea, kuogelea na kupanda baisikeli ni vema. Kukimbia na kuruka hulichosha goti. Mguu ukivimba ghafula na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, asingoje: aende kwa mganga. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika magoti 100, karibu 82 hudumu miaka 25.

Wengine huuliza: je, nitapiga magoti tena kanisani? Kidonda kikipona, wengi waweza, kwa ruhusa ya mganga na juu ya mto laini. Asiyeweza asione haya: kanuni za Misa zenyewe zamruhusu mgonjwa asimame na kuinama.

Na ninyi wenye mzazi aliyepasuliwa, angalieni huruma mbaya. Mtoto anayemletea mama yake kila kitu kitini, maji, chakula, hata fimbo yake, adhani anampenda; kumbe anamfunga. Mwende pamoja naye mpaka mlangoni, kesho mpaka kisimani, na Dominika moja mpaka kanisani. Mganga ameweka goti. Mwendo ni wa mgonjwa, na wa wale wanaotembea kando yake.