Konusi na Bulbusi: Historia ya Mpaka wa Tishu katika Moyo wa Papa

Damu inayosukumwa na ventrikali ya moyo wa papa hupita kwanza katika konusi, yaani mrija wenye ukuta wa misuli ya moyo na safu za vali ndani yake, kisha huingia katika aota inayoelekea kwenye matamvua. Kwa zaidi ya karne moja, maelezo hayo yalihesabiwa kuwa kamili.

Mwaka 1866, Carl Gegenbaur, mwanaanatomia wa Jena, Ujerumani, alitenganisha sehemu mbili zilizokuwa zikichanganywa. Konusi ina misuli ya moyo, hivyo hujikaza moyo unapopiga. Bulbusi haina misuli hiyo. Ukuta wake hutanuka kwa kupokea damu na kurudi kwa mnyumbuko wake. Konusi ilinasibishwa na papa, bulbusi na samaki wenye mifupa. Tofauti ya tishu ilikuwa sahihi. Hata hivyo, vitabu vya anatomia linganishi vilivyofuata viliigeuza kuwa tofauti ya makundi ya samaki, ikadhaniwa kwamba mwenye konusi hana bulbusi.

Ugawaji huo ulidhoofika kutoka pande zote mbili. Mwaka 2002, uchunguzi wa hadubini ulibainisha konusi katika moyo wa samaki mzima mwenye mifupa, Sparus auratus. Mwaka 2008, Ana Durán, Valentín Sans-Coma na wenzao walionyesha kuwa samaki wa gegedu, akiwamo papa mdogo Scyliorhinus canicula, wana bulbusi mbele ya konusi. Sehemu hiyo fupi ilikuwa imehesabiwa kuwa mwanzo wa aota. Lakini imo ndani ya mfuko wa moyo, imefunikwa na utando wa nje wa moyo, na ukuta wake una misuli laini, elastini na kolajeni.

Matokeo hayo yanagusa historia ya moyo wa wanyama wote wenye uti wa mgongo na taya. Ikiwa papa na samaki wenye mifupa wana sehemu zote mbili, basi yaelekea zilikuwamo tayari katika mhenga wao wa pamoja, na bulbusi haiwezi tena kuelezwa kuwa ni zao la baadaye lililochukua nafasi ya konusi. Hadubini ilikuwapo tangu zama za Gegenbaur. Kilichochelewesha ugunduzi ni jina lililokwisha kuamua mahali pa kutazama.